Jiko Lisilo na Mwalimu

Atakayepita alasiri katika mitaa ya Mwanza, akaanzia Kirumba, akapitia Makoroboi, hata akafika Mabatini, atawaona wanaume wengi wakipika hadharani, wala hatamwona hata mmoja wao akiona haya kwa kazi ile. Huyu anageuza viazi katika karai la mafuta, yule anapepea makaa chini ya mishikaki, na wa tatu anasukuma chapati kwa wepesi wa mkono unaowafanya wapita njia wasimame kumtazama. Akivuka maji kwenda Ukerewe, Ukara au Kome, atawakuta vijana wa makambi ya uvuvi wakisonga ugali wao wenyewe na kuchemsha samaki wao wenyewe, na katika makambi hayo kijana ajuaye kupika hupata sifa kama yule ajuaye kutega nyavu. Katika zama za Wajerumani, waliojiwekea makao hapa mwaka 1892, na katika zama za Waingereza waliowafuata, mpishi wa nyumba ya mkubwa alikuwa aghalabu mwanamume, akiitwa kwa cheo chake na kulipwa ujira wake. Hata katika harusi, sufuria ile kubwa ya pilau ambayo watu wawili hawawezi kuiinua, mara nyingi hukabidhiwa wanaume.

Mwanamume huyo huyo akirudi kwake jioni, akavua viatu mlangoni, hupatwa na usahaulifu wa ghafla. Hajui tena chumvi inakaa wapi. Hajui kitunguu hukatwa kwa mapana au kwa marefu, na akiambiwa atazame chungu kilicho motoni, hukitazama kweli, mpaka kikaungua mbele ya macho yake.

Watu husema kuwa hiyo ni mila. Hoja hii naiona dhaifu, kwa maana sijui ni mila gani impayo mtu ruhusa ya kuwapikia wageni wa barabarani, ikamharamishia kuwapikia wanawe. Wengine husema ni uvivu, nao wana sehemu ya haki, lakini si yote, kwani muuza chipsi asimamaye mbele ya moto tangu adhuhuri hata usiku wa manane hawezi kuitwa mvivu na mtu mwenye insafu. Sababu ya kweli, kwa rai yangu, ni hofu ya hukumu. Mteja wa barabarani ni hakimu mmoja tu, tena ana njaa na ana haraka. Akishiba hulipa na kwenda zake. Ugali wa nyumbani una baraza zima la mahakimu. Mama ameusonga tangu hajaota meno ya utu uzima, mke ameurithi kwa mama yake, shangazi akija likizo huutia kidole kwanza kabla ya kuutia kinywani, na hata mtoto wa darasa la tatu hujua ukiwa na mabuja, akasema kwa sauti. Mtu mzima, mwenye kauli kazini na msikitini au kanisani, ajitie vipi mbele ya baraza kama hilo kwa hiari yake?

Mimi ni katika hao waingiao jikoni shingo upande, kisebusebu na kiroho papo, kama wasemavyo watu wa mwambao; na baada ya kulitafakari jambo hili kwa muda, shauri langu kwa wenzangu wa kundi hilo ni kwamba tusianze na ugali, wala wali, wala maharage. Tuanze na chakula ambacho hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kukipika. Chakula kipya hakina hakimu. Mbele yake baba, mama, bibi na mjukuu wote ni wanafunzi wa darasa moja, na kosa la mmoja huwa elimu ya wote, badala ya kuwa kichekesho cha wiki nzima.

Ziwa letu lina ushahidi wa jambo hili, tena ushahidi mkubwa kuliko wa nyumba moja. Mwingereza Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hili katika miaka ya 1927 na 1928, alitahadharisha katika taarifa yake kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine kungekuwa na hatari kubwa. Tahadhari hiyo haikusikilizwa. Katika miaka ya 1950 sangara akatiwa ziwani upande wa Uganda, akatiwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa muda akawa ni habari tu ya watu wa mbali. Kisha, ilipofika miaka ya 1980, akajaa upande wetu kwa kishindo, na katika ghuba ya Mwanza wataalamu wa Kiholanzi waliokuwa wakiwachunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, tangu mwaka 1977 waliona nyavu zao zikiacha kutoa furu na kutoa sangara. Aina za furu zilizokuwamo ziwani zilikuwa zikihesabiwa kwa mamia. Nyingi zilipotea katika muda usiotosha mtoto kumaliza shule ya msingi. Msiba huo wa viumbe una waandishi wake, nami siuingilii. Ninalolitaka mimi ni lile lililotokea jikoni.

Hebu fikiri, msomaji, hali ya mama wa Igombe au Kayenze katika siku zile. Alikuwa bingwa wa samaki wadogo. Furu alimjua kumwosha, kumtunga na kumkausha kwa jua; dagaa alimjua; ningu alimjua mpaka mahali pa miiba yake. Sasa mumewe anamletea nyumbani samaki ambaye jamaa zake hukua wakapita urefu wa mtu na kufikia uzito wa kilo 200, na hata huyu mdogo aliyeletwa haenei katika chungu, kisu cha nyumbani hakimtoshi, na akianikwa juani hakauki, bali huoza, kwa sababu ya ukubwa wake na mafuta yake mengi. Wengi walimchukia kwa mafuta hayo. Walisema anakinaisha, ana harufu, si samaki wa kumpa mgeni. Nani wa kuulizwa? Mama mkwe hakumjua. Bibi mzaa bibi hakumjua. Hapakuwa hata na methali juu yake. Ufuo mzima, kutoka Magu mpaka Sengerema, ukawa darasa moja lisilo na mwalimu.

Darasa lile lilijifunza lenyewe. Waligundua kwamba asiyekubali jua hukubali moshi, wakajenga majiko ya kubanikia, ijapokuwa kuni zilizoteketea kwa kazi hiyo ziliigharimu miti ya visiwa. Waligundua kwamba mafuta yale yaliyowachukiza yanaweza kuyeyushwa yakamkaanga samaki mwenyewe. Baadaye, viwanda vya minofu viliposimama kando ya ziwa katika miaka ya 1990 na minofu ikaanza kusafiri kwenda Ulaya, kina mama wa mji huu wakabakiwa na vichwa na mifupa, yaani mapanki, wakayakaanga, wakayabanika, wakayapikia mchuzi. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo kwa ulimwengu kama alama ya unyonge wetu, na serikali ya wakati ule ikaghadhibika. Kila upande ulikuwa na maneno yake. Mimi huona kwamba pande zote mbili zilisahau kumtaja yule mwanamke mbele ya karai kuwa ni mpishi, mwenye akili ya kufanya kitu kilicholetwa kwake bila maelezo kiwe kitoweo cha watu kutafuta kwa hamu.

Wala sangara si wa kwanza. Sato huyu tunayempigia kifua mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam, kana kwamba mababu zetu walizaliwa naye, ni mgeni wa miaka ya 1950 vilevile. Mwenyeji ni ngege, ambaye leo ni nadra. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, na wazee wa Usukuma walikula mtama na uwele kabla ya ugali mweupe kuwa ndio ugali. Mpunga uliletwa na misafara ya wafanyabiashara, na leo hakuna anayeuhesabu kuwa mgeni Sengerema au Shinyanga. Na walio na umri wa kutosha hawajausahau ule unga wa njano wa siku za uhaba, uliobandikwa lakabu ya Yanga kwa ajili ya rangi yake, ambao kila nyumba ilibidi iutafutie tadbiri ya kuusonga. Basi anayesema kwamba vyakula vipya vitaharibu desturi zetu anatetea desturi ambayo yenyewe ni mjukuu wa vyakula vipya.

Kwetu tulijaribu samaki wa kupaka. Ni chakula cha watu wa Mombasa, Tanga na Unguja, na ukoo wetu wote, upande wa kuumeni na wa kukeni, ni watu wa mtama na maziwa ya mgando. Hakuna aliyekuwa na la kujivunia. Nazi hazikosekani mjini siku hizi, kwani mwambao ulisogezwa karibu nasi tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika hapa mwaka 1928, na malori yakamalizia kazi hiyo. Kilichokosekana ni mbuzi ya kukunia, tukaiazima kwa jirani mzaliwa wa Pangani, ambaye aliitoa kwa masharti ya kwamba hatakuja kuonja mpaka tumwite wenyewe. Samaki alikuwa kipande cha sangara, mwenye urefu halali, kwa kuwa sheria yetu inakataza kuvuliwa kwa aliye chini ya sentimita 50, na mwuzaji wa Kirumba aliyeniuzia alinionyesha mkia wote kana kwamba mimi ni bwana samaki. Binti yangu akashika simu na kusoma maelezo kwa sauti ya mhubiri. Mdogo wake wa kiume akakuna nazi. Mimi nikapewa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu na chumvi, niviponde pamoja na kumpaka samaki katika mikato yake, kazi ambayo hata mtu wa shingo upande huiweza.

Palipotokea tashwishi ni kwenye tui. Maelezo ya simu yalisema tui la kwanza lichemshwe na manjano na ukwaju mpaka liwe zito, kisha samaki aliyekwisha kushika rangi juu ya makaa apakwe hilo tui, ageuzwe, apakwe tena. Hayakusema namna ya kulizuia lisikatike. Mke wangu alikuwa na rai ya kupunguza moto. Binti alikuwa na rai ya kuongeza unga. Mimi sikuwa na rai. Mama yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameketi juu ya kigoda akitutazama kama mtu aliyelipa kiingilio, akauliza, "Baba, hicho mnachokipika si ni maziwa ya mti?" Nikamjibu kwamba waweza kusema hivyo. "Basi maziwa hayafunikwi," akasema, "wala hayaachwi peke yake. Yakoroge upande mmoja, usiinue mkono mpaka yapande." Ni mwanamke aliyechemsha maziwa ya ng'ombe maisha yake yote na hajawahi kupika nazi hata siku moja. Nikakoroga upande mmoja, moto ukiwa mdogo kama alivyotaka mke wangu, na tui likapanda pasipo kukatika. Mafuta ya sangara yaliposhuka juu ya makaa na miali kuruka, kijana akajua bila kuambiwa kusogeza makaa pembeni, maana alikwisha kuwaona wachoma nyama wakifanya hivyo.

Ningependa msomaji aone kilichotendeka hapo, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Kama chakula kile kingekuwa ugali, mama angekuwa hakimu, na maarifa yake yangeshuka juu yangu kama fimbo. Kwa kuwa kilikuwa kigeni kwetu sote, maarifa yale yale yalikuja kama sadaka, naye mwenyewe alishangaa kwamba alikuwa nayo. Chakula kipya hakiwafukuzi wazee jikoni, kama inavyodhaniwa; huwafungulia mlango wa kutumia ujuzi wao mahali wasipoutazamia. Tulipokula, hakuna aliyeweza kusema kwamba wa mama yake alikuwa mtamu zaidi. Jirani alipoitwa alisema ukwaju umezidi kidogo, na kwa kuwa yeye peke yake ndiye mwenye sifa ya kuhukumu, tulimkubalia kwa moyo mmoja na kumwongezea kipande.

Najua yapo majibu ya kunijibu. La kwanza ni la mfuko. Nyumba inayopima unga kwa kibaba haiwezi kucheza na kilo ya samaki, na atakayewahubiria watu wa namna hiyo majaribio ya mapishi atakuwa hana adabu. Jibu langu ni kwamba majaribio hayahitaji kitu cha thamani. Dagaa wa Mwaloni, waliovuliwa kwa taa katika usiku wa giza na kuanikwa mchangani, hupikwa katika nyumba nyingi za mji huu kwa namna mbili au tatu tu, ilhali wafanyabiashara huwasafirisha magunia kwa magunia mpaka Kongo. Viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, huchemshwa vikaliwa na chai, na habari yake ikaishia hapo. Mtu akitaka kujaribu, aanze na hivi, na vikiharibika hasara haifiki mbali.

Jibu la pili hutoka kwa wanawake, nalo lina uzito zaidi. Mwanamume wetu akiingia jikoni siku moja kwa mwezi, huingia kama gavana katika ziara. Mke humtafutia sufuria, binti humenya vitunguu, mtoto hutumwa dukani mara kwa mara, na yeye hukoroga na kusifiwa. Akiondoka huacha nyuma yake mafuta ukutani, maganda sakafuni, na rundo la vyombo ambalo mke wake asingelifanya kwa wiki nzima. Nimelisikia lalamiko hili katika nyumba nyingi, na sina utetezi juu yake. Mpishi ambaye hajaosha sufuria yake hajamaliza kupika. Tena yuko mwanamke ambaye jiko ndilo milki yake pekee katika nyumba iliyoandikwa jina la mumewe, na anapoona milki hiyo ikiingiliwa kwa jina la kusaidiwa, ana haki ya kuuliza ni nini atakachopewa badala yake. Anayeingia na aingie kwa kubisha hodi.

La tatu ni kwamba mapishi mapya yote yamo katika simu, basi gazeti lina haja gani ya kuyashughulikia? Yamo, lakini yameandikwa kwa ajili ya majiko ya watu wengine. Yanataka joko lenye kipimo cha joto, yanataka jibini, yanataka kupima kwa mizani. Msomaji wa Buhongwa mwenye jiko moja la mkaa na kikombe cha chai huyafunga kabla hajafika mstari wa tatu. Magazeti yetu na redio za Kanda ya Ziwa zina mashindano ya kila namna, ya mpira, ya urembo, ya nyimbo. Sioni kwa nini isiwepo safu ya mapishi ya sangara, dagaa, muhogo na viazi lishe, yaliyopimwa kwa kikombe na kijiko, yakieleza namna ya kuoka kwa moto juu na chini, yaani makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya mfuniko, kama waokavyo wengi wasio na joko. Na iandikwe kwa kumsemesha kila mtu. Hayo ya kuanza na "mama wa nyumbani" yamewapa wanaume udhuru wa kugeuza ukurasa kwa muda mrefu mno. Shule nazo zina la kujibu, maana sayansi kimu ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa somo la wasichana, na wavulana wakapelekwa kupanga matofali.

Wakati nao ni mwafaka kuliko wadhaniavyo watu. Mwezi Mei mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hilo huzungumzwa kama jambo la misitu na mapafu, nalo ni kweli. Lakini mwanamke ajuaye kwa kunyoosha kiganja tu kwamba makaa yamefikia kadiri ya wali, akipewa mtungi wa gesi anaanza upya. Moto wake sasa uko katika kitasa, na kitasa hakijui kiganja chake. Katika mamilioni ya nyumba mwalimu anakaribia kurudi kuwa mwanafunzi. Wanaume wanaongojea saa ya kuingia jikoni pasipo kuaibika hawatapata nyingine iliyo bora kuliko hii.

Kwetu sasa shauri ni juu ya kitakachofuata. Watoto wanataka piza, iliyotengenezwa kwa viazi lishe badala ya unga mtupu, iokwe juu na chini kwa makaa. Mama anadai dagaa wa nazi, kwa kuwa ameonja tui na limempendeza, na anasema piza ni mkate uliopatwa na ajali. Mke wangu amekataa kuamua kati yao. Sharti lake ni moja, nalo limekwisha kupita bila kupingwa: yeyote atakayekoroga ndiye atakayesugua masizi, na mbuzi ya jirani irudishwe ikiwa safi, kabla ya magharibi.